Ekstensheni ya Watu Kumi na Wawili

Jina la kumi na tatu lilikuwa la mwanamke.

Hapo ndipo tulipomwacha Redempta wiki jana, msomaji wangu, amekaa peke yake ndani ya steshenari yake jirani na stendi ya Same, macho yamemtoka mbele ya kompyuta ya Wilbard. Kama ni mgeni hapa usihangaike, nitakusogeza kwa maneno machache. Binti huyu ana haraka na mimi sina uwezo wa kumzuia.

Wilbard ni mchumba wake. Alirudi kutoka Dar mwaka ule vyuma vilipokaza. Ofisi aliyokuwa akiiandikia programu ilifunga milango, naye akashuka basi Same na begi moja na kompyuta ambayo betri yake ilikufa zamani, inaishi kwa waya tu. Kazi aliyoipata ni ile aliyojitungia mwenyewe: ekstensheni. Si ile ya kuchomekea pasi na redio, hapana. Hii ni kijiprogramu kinachojipachika kwenye brauza. Ukifungua mtandao unaona juu ya ukurasa ukanda wa kijani, umeandikwa bei ya tangawizi Kariakoo asubuhi hiyo, na pembeni bei ya chini ambayo wakulima kumi na wawili wa Gonja wamekubaliana wasiuze chini yake.

Kumi na wawili, basi. Mtu mwingine hata aitafute vipi kwenye duka la mtandaoni haioni, maana ni lazima imeili yake iwe kwenye orodha. Wilbard aliwaapia wakulima hao mbele ya mwenyekiti wao, Hezroni, kwamba jicho la mnunuzi halitauona ukanda ule. Wao wakamwahidi kazi ya mwaka mzima.

Na baba yake Redempta, mzee mmoja mgumu huko mlimani, alikuwa ameshasema binti yake haolewi na mtu ambaye begi lake liko mlangoni. Aliposikia kazi ya mwaka mzima, akakubali kumpokea mshenga. Kazi ikivunjika, mshenga hana la kusema, na Wilbard anapanda basi la Dar. Ndivyo mambo yalivyokaa.

Sasa Redempta ameihesabu orodha mara tatu. Kumi na tatu. Na la mwisho lilikuwa limeandikwa hivi: leticia.maore.

"Leticia," akasema taratibu, kama mtu anayeonja chumvi.

Leticia aliyemjua yeye ni mmoja tu. Leticia mnunuzi wa tangawizi, mwenye Fuso mbili na miwani ya kupandishwa kichwani, yule aliyecheka na Wilbard pale stendi mpaka akamshika bega. Lile bega lilikuwa limemkaa Redempta rohoni wiki mbili nzima. Na Fuso za Leticia hupakia wapi? Maore.

Akachukua simu, akampigia Wilbard. Wilbard alikuwa Gonja kwa wateja wake, na mtandao wa huko unakuja na kuondoka upendavyo.

"Orodha yako ina watu wangapi?"

"Orodha ipi?"

Msomaji, mwanamume akiulizwa swali akajibu kwa swali, wewe mwenyewe unajua.

"Ya ekstensheni, Wilbard."

"Kumi na wawili. Kwani vipi?"

"Hakuna wa kumi na tatu?"

Upepo ukasikika kwenye simu, na mbwa mmoja wa watu.

"Redempta, hilo nitakueleza nikishuka. Si jambo la simu. Ni kitu ambacho nilitaka..."

Mtandao ukakatika. Akapiga tena, akaambiwa hapatikani. Akapiga mara ya tatu, hapatikani.

"Si jambo la simu," Redempta akarudia peke yake. "Haya."

Kuna kanga inasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Redempta anayo, kavaa mama yake hadi imechakaa. Lakini maneno ya kanga yapo kwa ajili ya jirani, si kwa ajili ya mwenye kanga.

Paswedi alikuwa anaijua. Kila paswedi inayopita dukani kwake anaiandika kwenye kaunta buku, ya Wilbard ikiwemo, kwa sababu watu wa Same huja kufunguliwa imeili leo na kesho wameisahau. Akaingia kwenye ukurasa wa ekstensheni. Pakaja mistari mitatu ya kuchagua. Wa kwanza, walio kwenye orodha. Wa pili, mwenye linki. Wa tatu, watu wote.

"Kama Leticia anaona," akasema, "na waone wote."

Usimfikirie ni mwendawazimu. Alikuwa na hesabu yake. Wilbard alishamlalamikia kwamba ukibadilisha kitu pale, wenye duka la mtandaoni hukikagua siku tatu ndipo wakiachie. Siku tatu zinatosha. Wilbard atashuka, ataona, atatokwa jasho, atasema ukweli kuhusu huyo Leticia wake, kisha yeye Redempta atarudisha kila kitu mahali pake. Anataka amwone akihangaika siku moja tu, kama yeye alivyohangaika wiki mbili.

Akabonyeza watu wote.

Haikupita nusu saa, mlangoni kikaingia kivuli chenye miwani kichwani.

"Habari za saa hizi, dada. Naomba unitolee kopi ya leseni."

Alikuwa Leticia mwenyewe. Redempta akaipokea ile leseni kwa ncha za vidole, akaiweka kwenye mashine, asibonyeze.

"Maore hawajambo?"

"Maore? Sijui, sijakwenda tangu Jumatatu."

"Lakini imeili yako iko huko."

Leticia akamtazama. "Imeili gani?"

"Dada Leticia, mimi si mtoto. Ukitaka mchumba wa mtu, mchukue hadharani, usipitie kwenye kompyuta yake. Nimeona jina lako kwenye orodha ya Wilbard. Ukanda wa kijani unausoma kila asubuhi, wenzio kumi na wawili wanadhani siri yao iko salama."

Leticia akavuta kiti akakaa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia Redempta wasiwasi.

"Hicho kitu nimekililia mwezi mzima," akasema. "Siku ile stendi nilimshika bega nikamwambia, Wilbard, na mimi niuzie. Unajua alinijibu nini? Alisema, wa kumi na tatu hayupo, na hata angekuwepo, asingekuwa mnunuzi. Nikacheka, maana ningefanya nini? Nikajua kwa huyu sipati kitu."

"Na leticia.maore ni nani?"

"Nitajuaje? Kwetu mimi ni Lembeni. Imeili yangu ni ya biashara, haina Leticia wala Maore." Akanyoosha mkono akaibonyeza mashine ya kopi mwenyewe. "Akina Leticia wako wengi, dada. Kanisani kwetu peke yake tuko wanne."

Akachukua kopi yake, akalipa, akasimama mlangoni kidogo.

"Ni ukanda wa kijani, umesema?"

Redempta akajitia kupanga karatasi. Leticia akavuka kwenda hoteli ya jirani, kwa Zaituni, akaagiza chai na kufungua laputopu yake mezani.

Redempta akarukia kompyuta. Mkono kwenye kipanya, mshale umeshafika kwenye walio kwenye orodha, kidole kinashuka, na pangaboi likapunguza mwendo. Kioo kikawa cheusi. Umeme umekatika.

Akatoa simu, akajaribu kuingilia huko. Ukurasa ukadai namba ya uthibitisho, na hiyo namba inakwenda kwenye simu ya Wilbard, na Wilbard yuko mlimani, hapatikani.

Nje jenereta ya Zaituni ikaanza kunguruma. Redempta akatoka mbio.

"Zaituni, nisaidie ekstensheni. Haraka, mwenzangu."

"Ipi, ya umeme au ya Wilbard?"

"Ya umeme."

"Ya umeme sina. Ya Wilbard kaulize pale," Zaituni akasema, akachezesha kidevu kuelekea meza ya Leticia. Wanawake wawili waliokuwa wakinywa chai wakaangua kicheko.

Alizunguka maduka manne. La kwanza ziliisha jana, la pili mwenye duka kaenda kuswali, na yale mengine mawili wana za mita tatu, na kutoka kwa Zaituni hadi kwake si mita tatu. Akarudi dukani presha inapanda, presha inashuka, akamkuta mzee mmoja amekaa kwenye benchi la wateja. Mzee wa koti la kijani. Alishamhudumia huko nyuma, jina hakulikumbuka. Mapajani alikuwa amelaza mkunjo mzima wa waya mweupe, mpya, bado una karatasi ya dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wilbard yupo?"

"Hayupo. Mzee, huo waya..."

"Ekstensheni," mzee akasema kwa heshima zote. "Wilbard aliniambia nimeshawekewa ekstensheni, nije dukani kwako nioneshwe. Nikasema nisije mikono mitupu kama mwombaji. Nimepitia sokoni nimenunua ya kwangu. Ndefu, ili isisumbue."

Siku nyingine Redempta angecheka mpaka akae chini. Leo aliuliza tu.

"Nani kakuwekea ekstensheni, mzee?"

"Si nimekuambia, Wilbard. Kasema iko kwenye imeili yangu."

"Imeili yako ni ipi?"

"Si wewe ndiye uliyeifungua? Ile ya kuandikishia mbolea."

Redempta akavuta kaunta buku, akafunua kurasa, akarudi nyuma miaka miwili. Akaipata. Mwandiko wake mwenyewe, kalamu ya bluu: Mzee koti la kijani, Maore. leticia.maore. Paswedi: mbolea.

"Lakini mzee," akasema, "wewe si Leticia."

"Mimi ni Eliufoo. Lakini nani ananiita Eliufoo? Hata mke wangu haniiti. Uliniuliza jina, nikakujibu kama ninavyojibu popote, Baba Leticia. Duka lilikuwa na watu wengi siku ile. Ukaandika Leticia, baba yake ukamwacha nje. Nikasema si kitu, huyo ni mtoto wangu wa kwanza, yuko Moshi, ni muuguzi."

"Kwa nini Wilbard akuweke wewe?"

Mzee akatazama mlangoni, akashusha sauti.

"Hili hukupaswa kulisikia kwangu. Mimi ndiye mshenga wake. Nimepanda kwa baba yako mara tatu, kwa miguu, na magoti haya. Kijana hakuwa na cha kunishukuru. Akaenda kuomba kwa wale kumi na wawili, kwamba huyu mzee naye analima tangawizi, mruhusuni aione bei. Wakakaa kikao wakakubali. Tulipoambiwa soko huria, mwanangu, mimi nilielewa ni huria kwa wenye magari. Sasa na mimi nione." Akatabasamu. "Na alitaka akupe habari mwenyewe, leo, akishuka. Baba yako amekubali. Mahari inapokelewa Jumamosi."

Leo ilikuwa Alhamisi.

Redempta akainuka. Aliuchukua ule waya mapajani mwa mzee, akaufungua, akauburuta mpaka kwa Zaituni akachomeka kwenye jenereta, akarudi nao kupitia barazani, juu ya mfereji, chini ya mlango, mpaka kwenye kompyuta. Ukafika. Mzee alikuwa amenunua ndefu kweli.

Kioo kikawaka. Ukurasa ukafunguka.

Hazikupita siku tatu. Hata saa mbili hazikupita. Ekstensheni ilikuwa hadharani, na chini yake imeandikwa kwamba watu kumi na tisa wameshaipakua.

Akabonyeza walio kwenye orodha. Pakatokea maandishi: mabadiliko yanakaguliwa.

"Wameniwekea?" mzee Eliufoo akauliza.

Redempta akaangalia ng'ambo. Kwenye meza ya hoteli, Leticia aliinua uso kutoka kwenye laputopu yake, akaishusha miwani machoni, akainua kikombe cha chai kama anayempa heko. Juu ya kioo chake palikuwa na mstari wa kijani.

Mtu aliyemchukia wiki mbili kwa kitu ambacho hakuwa nacho, sasa anacho, na aliyempa ni yeye. Redempta alitaka kulia, machozi yakagoma.

Saa tisa alasiri pikipiki ikasimama mlangoni. Akashuka Hezroni mwenyekiti, mavumbi mpaka kwenye kope, na nyuma yake Wilbard.

"Mnunuzi kanipigia simu," Hezroni akaanza, hata salamu aliisahau. "Kabla sijataja bei, yeye kanitajia bei yetu ya chini, mpaka na mia yake. Akasema hataongeza hata senti, kwa nini aongeze? Wenzangu watatu wamepigiwa hivyo hivyo. Mzigo uko shambani umeshang'olewa, Wilbard. Nani kaifungua?"

Wilbard alikuwa hamtazami Hezroni. Alikuwa akiufuata kwa macho ule waya mweupe, kutoka mlangoni, chini ya benchi, mpaka kwenye kompyuta yake, na kutoka kwenye kompyuta mpaka usoni kwa Redempta. Alitazama muda mrefu kidogo. Redempta akainamisha kichwa, na hapo Wilbard akajua.

"Mimi," akasema. "Nilikosea kubonyeza."

"Wenye paswedi mko wangapi?"

"Mmoja. Mimi peke yangu."

Hezroni akavua kofia akajifutia uso. "Nilikuamini kama mdogo wangu. Kazi hatuna tena. Sina la kuongeza."

"Basi mimi ninalo," ikasema sauti mlangoni.

Leticia alikuwa amesimama na laputopu kwapani. "Wilbard, kama hawa hawakutaki, mimi nakutaka. Fuso inashusha Dar, inaondoka saa kumi na mbili jioni hii. Kuna wanunuzi wenzangu ishirini wanaotafuta kitu kama hiki, na kazi si ya mwaka mmoja." Akasema hayo akamwekea mkono begani. Bega lilelile.

Na hata hapo, msomaji wangu, na nyumba yake inabomoka mbele ya macho yake, jambo la kwanza Redempta aliloliona ni ule mkono.

Wilbard hakuutoa. Pengine hakuusikia. Alimgeukia Redempta, akamuuliza kwa upole kabisa:

"Niende?"

Neno moja lingetosha. Redempta alilijua. Kusema usiende ni lazima aseme kwa nini, na kusema kwa nini ni kusema mbele ya Hezroni, mbele ya Leticia, na mbele ya mzee wa koti la kijani aliyepanda mlima mara tatu kwa miguu akimsifia kwa baba yake kwamba ni binti aliyetulia.

Hezroni akageuka aondoke, mkono wake ukagonga kaunta buku iliyokuwa wazi juu ya meza, ikaanguka na kufunuka kurasa za karibuni. Akainama akaiokota. Akataka kuirudisha, akasita. Akaisogeza kwenye mwanga.

"Wilbard," akasema. "Umesema mwenye paswedi ni wewe peke yako."

"Ndiyo."

"Mbona imeandikwa hapa? Wilbard, ekstensheni, paswedi. Kalamu ya bluu." Akainua kichwa. "Huu ni mwandiko wa nani?"

Wilbard akafungua mdomo. Redempta akamwahi.

"Wangu."

Akamgeukia Hezroni.

"Niliona jina la Leticia nikadhani ni huyu. Wilbard hakukosea kubonyeza. Nimebonyeza mimi, kwa wivu wangu, nikijua ninachofanya. Mwenyekiti, kazi yake usimnyang'anye. Kama kuna wa kuadhibiwa ni mimi."

Hezroni alimtazama Wilbard, akamtazama Redempta, akafunga daftari. "Kazi si yangu peke yangu," akasema. "Tuko kumi na wawili. Nitakwenda kuwauliza." Na Leticia akatazama saa yake, akatoa mkono begani, akasema Fuso haisubiri mtu.

Mzee Eliufoo alikuwa bado kwenye benchi. Aliyasikia yote. Akainuka kwa kujishikilia magoti, akatoka nje, akavuka mpaka kwa Zaituni. Wakamwona akiinama kwenye jenereta.

Kioo cha kompyuta kikazimika.

Mzee akaanza kuukunja waya wake, mzunguko juu ya mzunguko, akiuvuta kutoka chini ya mlango wa Redempta, juu ya mfereji, kupitia barazani, bila kumtazama mtu. Ulipokwisha aliutia kwapani, akafunga vifungo vya koti la kijani, akauliza gari la kupanda mlimani kwa baba yake Redempta linaondoka saa ngapi.